Kwa Dada Poongothai, Aliyeimba Kabla ya Nyota

Mwaka umetimia, dada, tangu Jumanne ile ulipokuwa unamenya vitunguu jikoni kwako Saligramam, ukaweka kisu chini, ukaegemea ukuta, ukakataa kuamka. Leo tumekuwekea mbele ya picha yako bagia za dengu, wali wa ndimu na kahawa yenye sukari nyingi, ile daktari aliyokukataza. Sasa kunywa. Daktari hana la kusema tena.

Kunguru, ambao kwetu hula kwa niaba ya marehemu, walichelewa kuja kula wali wako tuliowawekea juu ya paa. Mumeo akasema, "Wanamsubiri apige makofi." Tulicheka wote, halafu hakuna aliyeweza kumaliza sahani yake.

Makofi yako, dada. Tangu walipokupasua koo mwaka 1998, wakaondoa uvimbe na sauti ikaenda nao, uliitawala nyumba kwa viganja. Kofi moja, njoo. Mawili, chakula tayari. Matatu, mpumbavu wewe. Shemeji Kumaraguru alipata matatu kila siku kwa miaka ishirini na mitano, na sasa anazunguka humo ndani kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Kabla ya hapo uliimba. Majirani wanajua ulikuwa "mtu wa filamu," lakini wachache wanajua kazi yako hasa. Mtunzi akishatunga wimbo asubuhi, wewe ndiye uliyesimama kwanza mbele ya maikrofoni ukauimba wote, kila pa kupanda na kila pa kushuka. Jioni nyota anafika, ananukia maua, anavaa hedifoni, anakusikiliza wewe mara tatu nne, kisha anaimba kwa kukufuata. Akimaliza, sauti yako inafutwa, inabaki yake. Na jina kwenye kasha la kaseti ni lake.

Aliyekuwa anakufuta ni mimi, mdogo wako Elango, mwenye diploma ya umeme na kidole juu ya kitufe. Tena kazi ile ni wewe uliyeniombea.

Hukuwa na kinyongo. Tukiwa kwenye kibanda cha chai, redio ikiimba, ulikuwa unanikanyaga mguu. "Hapo mimi. Hapo yeye. Hapo mimi tena, sikia alivyoniiba!"

"Sasa unacheka nini, dada?"

"Ameiba vizuri. Unataka nilie?"

Mara moja tu uliniomba kitu. Ulikuwa na mimba ya Yazhini, tumbo limefika kwenye maikrofoni kabla yako. Wimbo ulikuwa wa kubembeleza mtoto, wa filamu ambayo haikumaliza hata wiki mbili ukumbini.

"Elango, huu niachie."

"Tepu ni ya studio, dada. Bosi atanichuna ngozi."

"Ubeti mmoja tu. Mwanangu akizaliwa ausikie."

"Akizaliwa si utamwimbia mwenyewe? Kwani unasafiri?"

Ulicheka. Mimi nikabonyeza, nikakufuta, wewe umesimama nyuma yangu umeshika kiuno. Kisha ukaninunulia kahawa.

Nyumbani hatukukurekodi hata siku moja. Uliimba ukichambua mchele, ukaimba ukioga, ukaimba katikati ya ugomvi na shemeji ili asijue ni zamu ya nani kuongea. Nani anarekodi maji ya bomba?

Yazhini alikuwa na miaka minne ulipopasuliwa. Mwaka huu, mwezi wa tatu, amejifungua mtoto wa kike. Siku chache kabla ya kumlaza mtoto kwenye susu kwa mara ya kwanza, ile bembea ya kulalia tuliyoifunga kwa sari yako ya kijani, aliniita pembeni.

"Mjomba, sauti ya mama siikumbuki. Nakumbuka mdomo tu unavyokwenda. Kule studio hakukubaki hata kidogo? Nataka siku hiyo mtoto amsikie bibi yake."

"Nitaleta," nikasema. Kwetu mjomba haendi kwenye susu mikono mitupu. Hilo hata mlevi analijua.

Studio yetu ya Vadapalani sasa ni ukumbi wa harusi. Mtoto wa bosi, Mungu ambariki, alikuwa ameyahifadhi masanduku ya tepu chini ya ngazi nyumbani kwake. Nikaazima mashine. Nikakaa siku kumi na moja, tepu sitini na tatu. Kwenye kila wimbo nilifungua ule mstari wa tepu uliorekodiwa sauti yako peke yake, nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Nikaanza kutafuta makosa yangu, dada. Mahali nilipochelewa kubonyeza. Mahali nilipopiga chafya. Mahali nilipokuwa nimelewa. Mafundi wenzangu wote waliacha mabaki, pumzi hapa, nusu neno pale, na bosi aliwatukana kila siku. Mimi alinisifu. Kazi yangu ilikuwa safi. Hata pumzi yako moja sikuibakiza.

Wimbo wa mtoto niliukuta kwenye tepu ya hamsini na nane. Upo mzima, wa nyota.

Siku ikafika. Nilipeleka bangili za mtoto kama desturi inavyotaka, lakini Yazhini hakuzitazama. Alinitazama mimi usoni, akajua.

"Basi niimbie wewe, mjomba. Ulimsikia kila siku. Alikuwa anaimbaje?"

"Mimi niimbe? Mtoto atarudi alikotoka."

"Leo usinitanie. Nakuomba."

Nikafumba macho ili nikukumbuke. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya nyota. Pumzi zake, madaha yake, hata kale kamkwaruzo kake. Nikaacha, nikaanza upya. Yeye tena. Nikakutafuta jikoni, kwenye mchele, nikakutafuta bafuni, nikarudi hadi utotoni kwetu Kumbakonam ulipokuwa unanibeba mgongoni ukiimba. Kila nilipofika nilimkuta yeye ameshaketi. Miaka yote ile nilidhani nakufuta kwenye tepu tu, dada.

Yazhini alimlaza mtoto bila wimbo. Mumeo akainuka akaenda uani, akakaa huko hadi wageni walipoondoka.

Msamaha siuombi hapa gazetini, maana hata ukinijibu sitaijua sauti. Ila ninyi mnaosoma: kama yupo aliyewahi kusimama na Poongothai kwenye kwaya ya studio, au kumsikia akiimba hekaluni, sokoni, popote, na akilini mwake bado ni yeye na si nyota, aje Saligramam, barabara ya tatu nyuma ya kisima, amwimbie Yazhini. Tutampikia. Nimeshauliza wanakwaya wanne walio hai. Wote wameniimbia nyota.

Unakumbukwa na mumeo Kumaraguru, binti yako Yazhini, mkwe wako Nedumaran, mjukuu wako tuliyempa jina lako, na mimi mdogo wako Elango.

Uso wako, mikono yako, ukali wako na huruma yako hatutavisahau hadi tukufuate. Sauti yako, dada, tumekwisha kuisahau.