Sikukonda kwa Njaa

Mbaha

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje na msimu huu wa kuchuma kahawa? Mimi ni mzima, na hilo ndilo hasa nataka uliamini.

Mjomba alipopita hapa dukani alikuletea habari kwamba nimekonda, na ujumbe wako wa kunitaka nirudi Mapera nimeupata. Mama, sikukonda kwa njaa. Nakula ugali na usipa, dagaa wa huku ziwani, mpaka mwenye duka, Mama Zaituni, ananicheka. Nimepungua kwa kutembea.

Mama Zaituni ana presha. Muuguzi wa zahanati alimwambia atembee haraka kila asubuhi, naye akaona haya kwenda peke yake, akanichukua. Siku ya kwanza tulipita ufukweni mbiombio, mikono mitupu. Wanawake waliokuwa wanaanika usipa wakaacha kazi, wakajifunga khanga, wakatufuata.

"Nani amefariki?"

"Hakuna," Mama Zaituni akajibu. "Tunatembea tu, mpaka kwenye mawe, halafu tunarudi."

"Mwende na kurudi bila hata ukuni mmoja? Mama Zai, umeishiwa sukari dukani au umeishiwa akili?"

Walicheka sana. Mama Zaituni akaapa hatembei tena, bora afe na presha yake. Niliogopa, maana huwa namwona anavyoshika ukuta akipanda ngazi za duka.

Unajua mimi siyo msemaji. Lakini kesho yake nilimwambia, "Twende, nitakusimulia kitabu ninachosoma." Akaja. Kumbe watu wakitembea hawatazamani usoni, na hapo maneno yananitoka. Tulipofika kwenye mawe nikanyamaza.

"Endelea basi!"

"Nimesoma mpaka hapo tu."

"Ah! Leo dukani usishike ufagio. Shika kitabu."

Sasa wateja wakipungua nasoma, tena polepole, kwa sababu najua nitaulizwa. Shuleni nilikuwa nasoma harakaharaka na kusahau. Mwanzoni miguu iliniuma hadi kuchuchumaa ikawa shida. Siku hizi napanda kilima bila kuhema, usingizi unakuja mapema, na kichwa hakinigongi tena nikisoma.

Juzi muuguzi alimpima Mama Zaituni, akasema presha imeshuka, ila asiache kutembea. Njiani Mama Zaituni akaniuliza, "Mama yako akikuita, nitatembea na nani?"

Naomba nibaki, Mama. Ukikataa nitakuja, lakini usinirudishe kwa ajili ya mashavu. Kama una wasiwasi, mtume Baba aje aone. Nitampandisha kilima cha kanisani, tuone nani ataomba kukaa kwanza.

Nisalimie Bibi, na dada pamoja na kichanga chake. Mjomba naye msalimie, umwambie siku nyingine aniulize kwanza.

Ni mimi mwanao ninayekuwaza,
Editha