Kiatu cha Mzee Lekishon

Kitengela,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Sopa. Huku Umasaini ndivyo tunavyosalimiana siku hizi, hata sisi tuliotoka Bungoma, na tafadhali usianze kusema nimesahau kwetu. Unaamkaje? Sukari imetulia au bado inakusumbua? Paa la jikoni linavuja vile vile, ama dada Nafula alimpata fundi? Mimi mwili hauna neno. Kazi ya stoo kule Athi River inaendelea, vumbi ni lile lile, na maji ya bomba yanakuja yakipenda. Lakini moyo wangu si mzima, Mama, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu unanikatiza. Nikikuuliza jambo unaniuliza kama nimekula, halafu unaniombea, halafu unaaga. Barua huwezi kuikatiza.

Mzee Lekishon amefariki. Ni yule mzee wa mazingaombwe niliyekusimulia, yule uliyemwomba mchungaji afunge na kuomba ili nitengane naye. Sasa tumetengana. Nilikueleza wakati ule na nakueleza tena, hapakuwa na jini wala hirizi. Alifanya kazi Magadi kwenye kiwanda cha magadi maisha yake yote, na kwa vile jioni za kule ni joto na hakuna la kufanya, alijifunza kupoteza sarafu na kuirudisha ili wenzake wacheke. Ni vidole na mazoezi tu. Unamfanya mtu aangalie mkono wa kulia huku kazi inafanyika kwenye mkono wa kushoto. Alipostaafu akapanga chumba Kisaju, mkewe akiwa ameshatangulia, na binti yake wa pekee, Nashipae, akiwa ameolewa Kajiado.

Chama chetu cha mazingaombwe hukutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha hoteli moja ya chai hapa Kitengela. Wengine huja na kupotea, lakini tusiokosa tulikuwa wanne. Mwenyekiti ni Njoroge, fundi wa viatu, mtu wa maneno mengi. Kuna Kerubo, nesi katika kliniki moja ya hapa mjini. Kuna mimi, na Mzee ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Najua hujawahi kuelewa nilichofuata pale. Mama, hapa ninapoishi mpangaji wa mlango wa pili simjui jina. Tunatoka alfajiri, tunarudi tumechoka, kila mtu anafunga lango lake. Pale kwenye chama, usipofika Jumamosi moja, wiki inayofuata unaulizwa ulikuwa wapi. Nilipenda kuulizwa.

Sheria zetu zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, mwenzako akifanya mchezo unaangalia pale anapotaka uangalie. Ukichungulia mkono wa pili umemvunjia heshima, na chai ya wote ni juu yako. Ya pili, mwenzako akikuomba kifaa unampa bila kuuliza ni cha nini. Utajua siku atakapokionyesha. Nilizipenda sheria hizi. Niliona ni adabu ya hali ya juu.

Kiangazi kilipoanza, Mzee akaacha kusimama. Alikuwa akifika kabla yetu sote, tunamkuta ameketi nyuma ya meza. Alisema wakubwa wa kazi hii hufanya wakiwa wameketi, kwamba kusimama ni kwa wanafunzi. Tulimwamini mara moja. Njoroge naye akaanza kufanya michezo yake akiwa ameketi, tena akijikohoza kama askofu, tukamcheka sana.

Halafu akaniomba mimi kitambaa cheusi kizito, cha kufunika meza mpaka sakafuni. Nikazunguka soko lote la Kitengela mpaka nikakipata, nikamshonea na upindo. Akamwomba Kerubo bandeji. Alikuwa na mchezo wa kukata bandeji vipande viwili kisha anaivuta inatoka nzima, na kweli aliufanya mbele yetu, ukatushinda sote. Kerubo akawa anamletea bandeji kila wiki, maana mazoezi yanamaliza vifaa. Kisha akaanza kuwasha ubani kwenye kikopo pembeni ya meza. Alisema watu wakisikia harufu ya ubani wanaanza kuamini kabla hujafungua mkono. Mimi nilikohoa, nikavumilia.

Mwisho alimwomba Njoroge kiatu. Nilikuwepo.

"Nitengenezee cha kushoto," Mzee alisema. "Kipana kuliko hiki, na ndani kiwe laini."

"Kimoja tu, mzee?"

"Kimoja."

Njoroge akatukonyeza. "Huyu mzee ako na mambo. Hapo ndani kutatoka njiwa, mtaniambia."

Kerubo akasema hapana, njiwa hawezi kutoshea, itakuwa yai. Mimi nilisema ni sarafu za zamani. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na Mzee alikuwa anatusikiliza na kutabasamu tu. Mama, ukiniuliza ni lini nilikuwa na furaha mwaka huu, nitakutajia alasiri ile. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Shule moja ya msingi kule Kisaju ilitualika siku ya kufunga muhula. Mzee alifanya kazi siku hiyo kuliko siku yoyote niliyomwona. Alichukua pete ya mwalimu mkuu mbele ya watu wote, akaipoteza, na mwalimu mkuu akaikuta ndani ya mandazi aliyokuwa ameshaanza kuuma. Alimfunga msichana mdogo bandeji mkononi, akaikata kwa makasi, akaivuta ikatoka nzima. Watoto walipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakatawanyika. Sisi watatu tulikuwa tumesimama nyuma karibu na ukuta, tukijiona watu wa maana kwa kuwa tunamjua.

Mwalimu mkuu akamwita mbele apokee shukrani. Mzee akainua mkono, akakataa kwa upole. Watoto wakaanza kuimba kwamba asimame, asimame. Akaangalia chini kidogo. Kisha akashika meza kwa mikono yote miwili, akajiinua, akaanguka. Kitambaa changu kilienda naye, kikopo cha ubani kikapinduka, na kile kiatu kikachomoka kikabaki peke yake kwenye vumbi.

Watoto wakacheka na kupiga makofi.

Na sisi, Mama? Njoroge alinigusa kwa kiwiko, uso wake unang'aa. "Sasa ndio utaona kazi ya kile kiatu."

Tulisubiri. Sijui ni kwa muda gani, lakini tulisubiri. Kerubo alikuwa ameweka mikono tayari kupiga makofi. Mimi nilikuwa nimekodolea kiatu macho nikingoja kitoke kitu, kwa sababu ndipo nilipofundishwa kuangalia. Mzee alikuwa amelala ubavu akituangalia sisi watatu. Hakuita. Ndipo ile harufu ikatufikia, harufu iliyokuwa chini ya ubani wakati wote, na Kerubo akapiga ukelele mdogo akaanza kukimbia.

Ule mguu sitakuelezea. Bandeji zote za Kerubo zilikuwa pale, moja juu ya nyingine. Ilikuwa sukari, Mama, ugonjwa wako huo huo. Kidonda kidogo cha kidole kilianza kabla ya kiangazi, akakifunga mwenyewe, akakificha, kikapanda. Tulimkimbiza hospitali Kajiado, wakamkata mguu juu ya goti, na daktari akasema tumechelewa, sumu imeshaingia kwenye damu.

Nilikaa naye siku alipopata nafuu kidogo. Nilikuwa na hasira, nikamuuliza bila hata salamu.

"Mzee, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngeacha kuangalia mikono," alinijibu. "Kila Jumamosi mngekuwa mnaangalia mguu. Mnaniuliza umelala aje, umekula nini. Hiyo ningeipata kwa Nashipae."

Akapumua. Halafu akacheka kidogo.

"Hata nesi nilimshinda."

Nilitoka nje nikalia, sikujali nani ananiona. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Tulimzika kwao, ng'ambo ya Kisaju, upepo ukipeperusha mchanga mpaka mchungaji akawa anafumba macho akisoma. Mazishi yalikuwa ya heshima, na hakuna aliyesema neno lolote kuhusu uchawi. Nashipae alitujia tulipokuwa tunanawa mikono. Si mtu wa kupiga kelele. Alituuliza taratibu, na afadhali angetutukana.

"Mimi nilikuwa namwona mara moja moja, alikuwa ananikataza kuja. Lakini nyinyi mlikuwanga naye kila Jumamosi. Hamkuona kitu?"

Njoroge aliangalia viatu vyake. Ningemjibu nini mtoto wa watu? Kwamba mimi nilinunua kitambaa, huyu akashona kiatu, na huyu nesi akaleta bandeji, na hakuna aliyeviunganisha vipande hivyo kwa sababu kuuliza ni utovu wa adabu? Ilitosha mmoja wetu amwambie mwenzake tukinywa chai, "Mbona Mzee anaomba vitu hivi?" Tuliongea kila kitu kwenye ile meza, Mama, bei ya unga, siasa, wake za watu. Hilo hatukuliongea.

Jumamosi iliyofuata tulikutana watatu, na hakuna aliyetoa karata. Kerubo alikuwa amekonda. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilimletea bandeji kila wiki. Mimi nesi. Nilidhani ni mazoezi."  Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyesimama, akasema kuanzia sasa kila anayefika atatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, wenzake wakimwangalia, na akiulizwa swali atalijibu. Tukatembea mmoja mmoja, watu wazima, ndani ya kile chumba kidogo. Njoroge anachechemea kidogo goti la kulia. Tumejuana miaka yote hii na sikuwahi kujua.

Nilipokuwa narudi nyumbani siku hiyo ndipo nilipokufikiria wewe, na nikasimama katikati ya njia.

Mama, zamani ulikuwa unazunguka na simu. Nikipiga video unanionyesha mahindi, unanionyesha parachichi, unanionyesha mpaka ndani ya kizimba cha kuku. Siku hizi naona uso wako na ukuta ulio nyuma yako, ukuta ule ule kila Jumapili. Ukiniona nimenyamaza unaleta habari za ng'ombe wa jirani, na unazisimulia vizuri, nacheka. Kabla ya Pasaka uliniomba ndala, ukasisitiza ziwe kubwa kuliko namba yako. Baadaye ukaomba soksi nyeupe laini, nikawatangazia watu kazini kwamba mama yangu anakuwa mtu wa mitindo. Kwaya umeiacha, ukasema sauti imeisha, ilhali ukiniombea kwenye simu sauti haijaisha hata kidogo. Na Nafula, ambaye hawezi kukaa nawe siku mbili bila kukushtaki kwangu, nikimuuliza habari zako ananijibu haraka haraka, "Mama ako sawa."

Nimeogopa, Mama. Na nimekasirika pia, lazima nikwambie, kwa sababu nilizinunua zile ndala kwa furaha ile ile niliyonunulia kitambaa. Huenda nimekosea. Huenda unapenda tu soksi, na huu ukuta ni kwa sababu kiti kiko hapo. Kama ni hivyo nicheke mbele ya wote, nitafurahi kuwa mjinga. Lakini nilifundishwa na aliyekuwa bingwa wa kuficha, na nilikuwa namwangalia kwa makini kila alasiri mpaka akaanguka mbele yangu. Sirudii.

Nimeomba ruhusa kazini na wamenipa. Nafika Jumamosi hii. Barua hii naituma kwa mkono wa yule kijana wa jirani anayesafiri kesho, kwa hivyo itakufikia kabla yangu, na ya kujitayarisha unayajua.

Nisalimie shangazi yangu anayeshika mlango wa kanisa, na mjomba anayesaga unga posho mill, mwambie nimemkumbuka na ubishi wake. Msalimie mke wa kaka na watoto wake, nitawaletea kitu kidogo. Nafula mpe salamu zake kando, umwambie sina ugomvi naye, najua nani alimwambia anyamaze.

Jumamosi usinichinjie kuku, wala usitume mtu kunipokea barabarani akiniambia umeenda ushirika. Keti mlangoni penye mwanga, miguu mbele, bila soksi. Nitakusalimu vizuri kama inavyopasa mtoto kumsalimu mama yake, halafu nitaangalia pale usipotaka niangalie.

Mwanao,
Wekesa