Picha ya Mjapani Anayelia

Kensington, Johannesburg
12 Juni 2017

Dada yangu Mwanahawa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya huku. Mimi mzima, ila nimechoka. Bado natia picha fremu dukani. Jana mzee mmoja alileta picha ya Kijapani, iliyochongwa kwenye ubao kisha ikapigwa chapa karatasini. Ni mwigizaji mwanamume, kavaa kama mama, anamlilia mwanawe.

"Anaigiza tu," mzee akaniambia aliponiona nimeduwaa.

"Najua," nikamjibu.

Nikaingia stoo, nikamlilia mama yetu kwa mara ya kwanza tangu mlipomzika. Niliwaambia nimenyimwa ruhusa kazini. Kweli ni kwamba kibali changu kilikwisha; ningetoka, nisingeweza kurudi.

Waambie na wadogo zetu. Kusema uongo nako kumenichosha.

Nduguyo,
Twalib