Uwanda Ulioandikwa Mtupu

El Carrizo,
21 Septemba

Kaka yangu Nibaldo,

Pokea salamu nyingi za Shangazi Edulia, kisha zangu. Nimezipanga hivyo kwa sababu amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha za kwake zinatangulia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na mtoto, na kwamba baridi ya huko kusini imeanza kukuachia kifua. Sisi huku hatujambo. Shangazi ana goti bovu, lakini ukimwuliza atakwambia goti ndilo linalosumbuliwa na yeye.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu hapa haishiki mpaka upande kilima cha tangi la maji, na haya ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema nikiwa juu ya kilima nimeshikilia kofia isipeperuke.

Nipo hapa tangu tarehe ishirini na tano Agosti. Sijaugua wala sijafukuzwa. Mkataba wa kupima mimea kule Calama uliisha, unaofuata unaanza Oktoba, na katikati nimejipa likizo. Kazi yetu sisi tunaojitegemea unaijua: mkataba ukiisha Ijumaa, Jumatatu uko kwenye mwingine, maana ukipumzika mteja atampigia mtu mwingine. Miaka tisa nimekwenda hivyo. Basi wiki ya kwanza hapa nilikuwa mtu wa ovyo kabisa, naamka saa kumi na moja alfajiri natafuta buti. Shangazi alinitazama siku tatu, ya nne akaniuliza kama huko mjini kupumzika ni kosa la jinai, maana nakaa kitini kama mtu anayengoja kuitwa na hakimu. Akanipa ndoo nikakamue mbuzi. Siku ya kwanza nilirudi na maziwa ya kujaza kikombe, na hadithi hiyo imeshazunguka bonde zima.

Sasa sikia. Julai ilinyesha hapa mara mbili, mvua ya kweli, ya kuvujisha paa. Tarehe tatu mwezi huu Shangazi akaniambia twende tukatafute mbuzi watatu waliopotelea kwenye uwanda wa nyuma, ule ulio ng'ambo ya kilima cha mawe meusi. Unaukumbuka. Tulikatazwa kwenda kule tulipokuwa wadogo kwa sababu hakuna maji wala kivuli, ni changarawe na vumbi mpaka macho yanachoka. Tulipanda polepole kwa ajili ya lile goti, na bado yeye alifika juu kabla yangu. Akasimama, akavua kofia. Nikadhani ameona mbuzi amekufa.

Kaka, sina maneno, na maneno ya mimea ndiyo yanayonilisha. Uwanda wote ulikuwa zambarau. Sisemi hapa na pale, nasema kuanzia miguuni petu hadi vilima vya upande wa pili, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Ndani yake mlikuwa na mikanda ya njano na mabaka meupe, na karibu na mawe maua mekundu makubwa kama ngumi, yale Baba aliyokuwa akiyaita makucha ya simba. Harufu ilitufikia kabla hatujaanza kushuka. Halafu nyuki. Kwa dakika nzima nilidhani kuna mtambo unanguruma mahali. Wametoka wapi Mungu ndiye ajuaye, pale ambapo hata nzi hakai. Niliogopa kukanyaga. Nilivua viatu, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, nikashuka peku.

Mbuzi tuliwakuta katikati, wamesimama tu, hawali. Shangazi akasema wamechanganyikiwa kama mtu mwenye njaa aliyealikwa harusini asijue aanze na sahani ipi. Kisha akaketi chini na mguu wake mbovu ameunyoosha, akaiweka kofia mapajani. Akasema ana miaka sabini na moja na ameuona uwanda huu ukichanua mara moja tu kabla ya siku hiyo, alipokuwa na miaka tisa, na watu wazima walimwambia ameota. Mbegu zimelala humo tangu wakati huo zikingoja, na yeye naye amekuwa akingoja bila kumwambia mtu. Nilijikuta nalia. Haikuwa huzuni. Nilijiona mdogo sana, na nikafurahi kuwa mdogo.

Tangu siku hiyo nimekwenda kila siku. Niliweka chini ile fremu yangu ya mbao, ya mita moja kwa mita moja, tunayohesabia mimea. Nilifika mia mbili na kumi na nne nikaacha. Yaliyobaki yalikuwa madogo kuliko punje ya mchele, nikaona kuendelea kuyahesabu ni kukosa adabu.

Lakini kuna jambo jingine. Kampuni moja ya shaba inataka kumwaga mabaki ya mgodi kwenye uwanda huo. Watu wa bonde wameletewa sehemu ya ripoti ya upimaji wa mimea ya pale, na mwisho wa kupeleka pingamizi ni Ijumaa hii. Jumapili iliyopita walikusanyika kwa Shangazi, wakala mkate na jibini, wakaisoma kwa sauti. Inasema pale ni ardhi tupu, isiyo na mmea wa kulindwa. Mzee Baudilio, jirani mwenye nyuki, akauliza huyo mtaalamu alifumba macho mwenyewe au alifumbwa. Wakacheka. Shangazi akasema tusimseme sana, huenda hana kwao. Kisha wakanigeukia mimi, msomi wao, niwaandikie pingamizi.

Kaka, mtaalamu huyo ni mimi.

Jina langu liko kwenye kurasa ambazo hawakuletewa. Novemba, miaka mitatu iliyopita, nilikuja na gari la ofisi ya washauri walioajiriwa na kampuni hiyo, nikakaa uwandani siku mbili, maana kazi nyingine ilikuwa inanisubiri Antofagasta. Nilipigilia vigingi sita, nikaweka fremu mara sita, nikaandika sifuri mara sita. Hapo sikudanganya. Ila mwishoni mwa fomu kuna swali: je, ardhi hii yaweza kuwa na mbegu zilizolala, upimaji urudiwe baada ya mvua? Mimi ni mtoto wa hapa, najua jangwa letu huficha mbegu zikingoja mvua. Nani angejua kuliko mimi? Ningejibu ndiyo, kazi ya kampuni ingesimama, na nani angeniita tena? Niliandika hapana, nikatia sahihi. Wiki iliyopita nilikiona kigingi changu cha nne. Rangi nyekundu bado ipo, na maua yamekifikia shingoni.

Nilimwambia Shangazi jana mchana akiwa anakanda jibini. Hakunigombeza. Alimaliza kukanda, akafunika, akanawa mikono, akaniuliza kitu kimoja tu: siku zile mbili nililala wapi. Nikasema kwenye gari, nyuma ya kilima. Kaka, hicho ndicho kilichomliza. Akasema, "Mwanangu, uliliona paa langu ukalala nje."

Alhamisi tunakwenda mjini Vallenar kupeleka pingamizi, mimi na yeye. Nitaandika kwa jina langu kwamba nilijibu uongo na kwamba nilijua. Mkataba wa Oktoba ni wa ofisi ileile, kwa hiyo huo haupo tena, na huenda hata kibali changu cha kazi wakakichukua. Kama tutasikilizwa, sijui. Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshatia sahihi. Nimetaka uyasikie kwangu kwa sababu ulikata samaki kiwandani miaka sita ili mimi nisome, na elimu hiyo ndiyo niliyoitumia kuandika uongo huo. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, kasirika, ila kasirika kwa barua, niisome nikiwa nimekaa karibu na Shangazi.

Msalimie wifi, umbusu mtoto. Maua yamebakiza wiki tatu hivi. Njoo uyaone hata kama husemi nami.

Mdogo wako,
Rosalba