Mkwe Wangu Yuko Upande wa Uganda

Jumamosi, 3 Machi 2007

Haya, umerudi. Ulikuwa umekufa? Tangu mtoto azaliwe hujagusa kalamu, wewe mama, na ulijiapia utaandika kila jioni. Mtu ambaye hakukanyaga shule akipata herufi azilishe kama ng'ombe, zisikonde. Nekesa alikufundisha akiwa darasa la tatu, wewe ukichambua maharage, yeye akikugonga vidole na mwiko. Usimwaibishe mwanao.

Nimefua nepi. Nimepika uji. Mtoto wa Nekesa amenyonya, amecheua, amelala. Nasimiyu, mtoto wa kiangazi. Hapa Dubai hakuna msimu mwingine wa kumpa jina.

Jioni mkwe amerudi kutoka hotelini Al Barsha. Amekohoa kule kwenye lifti, kama kawaida yake. Nimechukua leso yangu nikatoka. Yeye akageukia ukuta, mimi nikapita nikiangalia vidole vya miguu yangu. Wafilipino wa chumba cha pili wanafikiri tumegombana. Hatujagombana. Mkwe na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawalali nyumba moja. Ndivyo kwetu Bungoma, ndivyo kwao Mbale. Mpaka ulipita katikati ya mlima, lakini mlima ni mmoja. Jina la mkwe silitaji, hata hapa silitaji.

Ila wazee hawakuijua Al Muraqqabat, ambapo nyumba moja ina familia nne na choo kimoja. Kwa hiyo nalala ghorofa ya juu kwa Bi Rukia wa Mombasa, mjane anayeuza mabuibui. Anakoroma. Nampenda.

Jumatatu, 5 Machi

Mwanangu Wafula amepiga simu. Wakenya wameingia fainali ya raga. Ile ya watu kumi na tatu kila upande, mashindano ya wafanyakazi wa nchi mbalimbali. Nikapiga kigelegele mpaka mtoto akaamka.

Halafu nikauliza wanacheza na nani.

Uganda.

Nikakaa chini. Mkwe anachezea Uganda.

Jumanne, 6 Machi

Niandike vizuri, ili nikizeeka zaidi nisije nikasahau ugomvi wenyewe.

Mwaka jana hawa wawili walikutana uwanjani. Mkwe alimwangusha Wafula, mfupa wa bega ukavunjika. Hilo Wafula alilisamehe, raga ni raga. Lakini anasema mkwe alicheka. Mkwe anasema alicheka kwa sababu kamzuia, hakujua mfupa umevunjika. Wafula ni askari wa mlangoni. Bila bega alikaa kambini wiki nyingi akingoja arbab, tajiri wake, amrudishe nyumbani. Tangu hapo hajaingia kwa dada yake. Mtoto amezaliwa, hajamwona. Yuko dakika chache kwa gari, na hajamwona.

Jumapili ya tarehe kumi na nane narudi Kenya. Nataka kumwona mwanangu amembeba Nasimiyu kabla sijapanda ndege. Sitaki kingine. Dhahabu za Deira wabaki nazo.

Ijumaa, 9 Machi

Leo mkwe hakuwa kazini. Nimekaa kwenye korido nje ya mlango, yeye ndani, Nekesa katikati akipitisha maneno. Nilitaka kujua sheria za mchezo. Siwezi kwenda kupiga kelele kama mjinga.

"Mwambie mama, ukikamatwa unaurudisha mpira nyuma kwa mguu, mnaendelea. Mkikamatwa mara sita, mpira wa wenzenu."

"Mwambie mwenye nyumba, na ukimvunja shemeji yako, hiyo ni mara ya ngapi?"

Nekesa akacheka, halafu akalia. Nilijuta. Si sana.

Jumanne, 13 Machi

Wafula amenikasirisha. Nimemwambia njoo umwone mtoto kabla ya mechi. Amesema, "Mama, nyumba ya mtu aliyenicheka nikiwa chini siingii. Na Ijumaa ni zamu yake kulala chini."

Nimemwambia nilimzaa mtu, sikuzaa fahali. Nikakata simu. Nekesa maziwa yamepungua kwa mawazo. Nimemchemshia uji wa wimbi, nimesimama juu yake mpaka akamaliza sufuria.

Bi Rukia ananiambia niwaombee wote wawili. Nimejaribu. Nikianza na Wafula nafika mbali, nikifika kwa mkwe nasinzia. Mungu ananijua.

Alhamisi, 15 Machi

Nimeota Kenya imeshinda. Nimeamka na furaha, halafu nikaona aibu, halafu furaha tena.

Ijumaa, 16 Machi

Naandika na kiganja kilichovimba kwa kupiga makofi. Sauti imeisha. Polepole, mama. Anza mwanzo.

Uwanja uko nje ya mji. Nyasi za kumwagiliwa katikati, mchanga pande zote. Milingoti imesimama kama herufi ya kwanza ya Haleluya. Wakenya upande huu, wanapiga mitungi mitupu ya maji kama ngoma. Waganda upande ule, wanatushinda kwa kuimba, nakiri. Nekesa kakaa katikati kabisa, leso ya Kenya kiunoni, kofia ya Uganda kichwani, mtoto mgongoni. Maskini.

Mimi na Bi Rukia tulikaa kwenye kona, karibu na kamba. Bi Rukia hajui raga hata kidogo. Alisimama juu ya kiti na buibui lake. "Shoga, yule mwanao? Miguu ile kaiiba kwa mbuni!" Nikamwambia mbuni au si mbuni, mtazame anavyokimbia.

Na alikimbia. Ee Mungu, alikimbia! Sikujua kwamba mtoto niliyemfukuza na fimbo kwenye mahindi anaweza kupita watu watatu kama maji yanavyopita mawe. Nilipiga kelele. Mama mzima wa kanisa, nilirusha kiatu.

Mkwe akamkamata mara ya kwanza. Safi, miguuni, bila ubaya. Akampa mkono wa kumwinua. Wafula akaupiga ule mkono mbele ya watu wote. Uwanja mzima ukasema ooo.

Baadaye mkwe ndiye mwenye mpira. Wafula akamwendea mbavuni kwa bega lilelile lililovunjika. Nilisikia ule mlio. Wakenya wakaruka. Na mimi niliruka. Halafu nikamwona Nekesa kafunika uso kwa mikono, nikaketi.

Wanatangulia, tunawafikia. Tunatangulia, wanatufikia. Mwisho unakaribia, tuko nyuma kwa pointi mbili. Tumekamatwa mara tano. Imebaki moja tu, halafu khalas, mpira wao. Mpira ukatupwa upande wetu, Wafula akaudaka pembeni kabisa, akaja kwenye kona yetu. Na mkwe akaja akikata uwanja. Niliona wote wawili wanakuja kwangu. Nikajua watagongana, na mmoja hatainuka.

Wakagongana. Vumbi. Mlingoti mdogo wa bendera ukaruka.

Wanasema refa aliinua mkono, trai, Kenya mbele. Wanasema Bi Rukia alianguka kutoka kwenye kiti. Sikuona. Niliona mtu mmoja amelala hasogei, jezi imejaa mchanga, damu puani. Nikapita chini ya kamba. Goti langu hili bovu lilikimbia, sijui nani alilituma. Nikakaa chini, nikaweka kichwa mapajani, nikaanza kufuta uso na leso. "Wafula. Wafula, baba. Amka."

Nikafuta mchanga, nikafuta damu. Uso ukatokea.

Mkwe.

Watu wa mlima, wa Kenya na wa Uganda, walinyamaza pamoja. Hata mitungi ilinyamaza. Refa Mwingereza akauliza kuna nini, hakuna aliyemjibu. Utamwanzia wapi?

Mkwe akafungua macho, akaniona. Nilifikiri atazimia tena. "Mama, niachie, tafadhali." Akaanza kutambaa kinyumenyume kwa makalio kama mtoto.

Nilimshika kichwa nikamrudisha. "Lala hapo. Umegonga kichwa." Nilishamgusa. Kumgusa kidogo na kumgusa sana, kosa ni lilelile. Na kile kichwa kilikuwa kizito na cha moto, kama kichwa cha mtoto yeyote mwenye homa. Sikukiachia.

Nikainua macho. Wafula amesimama juu yetu, mzima, ameshika mpira. Wenzake wanamvuta washangilie, haendi. Anamtazama shemeji yake chini. Hii ndiyo siku aliyoingoja mwaka mzima. Angecheka sasa, nani angemlaumu? Nilisema moyoni, ukicheka, Wafula, nitarudi Kenya na kidonda hiki.

Hakucheka. Akapiga magoti, akachukua chupa ya maji, akammwagia kichwani taratibu. Akasema, "Shemeji, umeniletea kazi. Sasa Dubai hii nitatoa wapi kuku?"

Mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Wafula. Halafu mlima mzima. Kwa sababu kwetu na kwao, mama mkwe akimgusa mkwe, kuku hai hutoka kwa mama, na shuka hutoka kwa mkwe, ndipo mambo yatulie. Na kuku hapelekwi na mama. Hupelekwa na ndugu wa mke. Mpaka ndani ya nyumba.

Daktari wa timu akampima macho mkwe, akasema atapona, alale. Kenya imeshinda. Kikombe chenyewe kidogo, hakitoshi chai ya watu wawili. Nimekibusu.

Bi Rukia anasema nilijua ninachofanya. Uongo. Ulikuwa mchanga na macho yangu haya.

Jumamosi, 17 Machi

Amekuja.

Kuku kamtoa soko la ndege hapa Deira, wa kahawia, mwenye hasira. Dereva wa teksi alikataa kumpakia, basi Wafula akatembea naye juani akiwa amemfunika kwa jezi ya fainali. Mlinzi wa jengo akamuuliza ni nini. Akasema ni dawa ya kichwa. Hakudanganya.

Nilisimama kwenye korido nikasikiliza. Alibisha hodi. Mkwe akasema, "Karibu, shemeji, ingia." Viatu vikavuliwa. Kuku akalia. Halafu Nekesa akasema, "Shika kichwa chake, si hivyo, hivi."

Nikachungulia. Wafula, mtu wa kupita watu watatu, amesimama katikati ya chumba hathubutu kupumua. Nasimiyu amemkojolea kifuani. Nilikula ule uso kwa macho mpaka nikashiba.

Mkwe alinitumia shuka kwa mkono wa Nekesa. Si shuka, ni blanketi zito la Dubai lenye picha ya chui. Sijui litaingiaje kwenye begi.

Jumapili, 18 Machi

Begi limefungwa. Bi Rukia amekaa juu yake. Kuku yuko bafuni, Wafilipino wamempenda, wamempa wali. Hakuna anayetaka kumchinja.

Mkwe amekohoa kwenye lifti. Nimepita, ameangalia ukuta. Lakini leo amesema kwa ule ukuta, "Safiri salama, mama." Nami nikaiambia sakafu, "Kaa salama, baba. Funika hicho kichwa jua likiwa kali." Imetosha.

Nekesa analala. Mtoto analala. Nje kuna adhana.

Sikiliza, mama. Siku utakayofungua hapa tena, utakuwa Bungoma, na utataka kuandika habari za mahindi. Usiandike. Kwanza piga simu, uulize Wafula alikula wapi Ijumaa. Wakisema alikula kwa dada yake, andika unavyotaka. Wakisema alikula kambini, funga daftari, upige simu ya pili, kwa Wafula mwenyewe.