Kitambaa Kisichoshika Uzi

Osogbo, 3 Juni

Mwanangu Ajike,

Hujambo, mama? Mjukuu wangu Ireti ananyonya? Mimi goti linanisumbua, lakini mdomo ni mzima. Lisingekuwa hili goti, ningekuwa huko Lokoja nakukanda kwa maji ya moto mwenyewe. Dereva wa basi ana kifurushi chako: sidiria za kunyonyeshea na mkanda wa tumbo. Mkanda ni wa mpira na nailoni, unabana hasa. Kaza mpaka ukohoe! Kanisani nimeshatoa ushuhuda kwamba binti yangu amejifungua kama wanawake wa Kiebrania, bila kisu. Walishangilia mpaka viti vikaanguka.

Mama yako, muuza sidiria

Lokoja, 9 Juni

Mama, shikamoo. Nakupigia magoti hukuhuku niliko.

Sisi wazima. Ireti ananyonya hana adabu. Sidiria za lesi zinawasha, maziwa yakivujia yanakauka zinakakamaa. Na mkanda ni joto, Mama. Hakuna laini wa kuvaa kutwa? Usihangaike kuja, pumzisha goti.

Mwanao

Osogbo, 12 Juni

Ajike, umeamkaje?

Lesi ni ya kumringishia mume, si ya kushindia. Tafuta pamba yenye mpira kidogo. Ivute, ikirudi taratibu, hiyo utapumua nayo. Nailoni inafungia jasho. Ila mkanda vumilia, tumbo halirudi kwa kubembelezwa. Na mbona unanizuia kuja? Mumeo Dele amesema kitu? Moyo wangu haujatulia.

Mama yako

Lokoja, 15 Juni

Shikamoo, Mama. Dele hana neno. Nimekaza kama ulivyosema. Niambie tu, chini ya kitovu nivae kitambaa gani kisichoshika uzi?

Mwanao

Osogbo, 15 Juni, jioni

Ajike, uzi gani?

Mama

Osogbo, 17 Juni

Naona kwenye simu umesoma na hujibu. Leo nimemuuzia bibi mzima sidiria ya kigoli, akili sina. Tumbo la mzazi lina uzi gani? Ajike, nijibu, nakufa huku.

Mama

Lokoja, 18 Juni

Mama, nisamehe.

Nilipasuliwa. Mapigo ya moyo wa Ireti yalikuwa yanapotea, Dele akatia saini, mimi nalia nakuita wewe. Nilipozinduka ulikuwa umeshasikia tu nimejifungua salama, ukatangaza kanisani. Nikaona aibu itakuangukia wewe, mbele ya wale akina mama. Mkanda unakaa palepale kwenye mshono. Pembeni pamefunguka, panatoa maji. Naogopa, Mama.

Mwanao

Osogbo, 18 Juni

Vua huo mkanda kwanza, ndipo usome.

Umevua? Dele akupeleke hospitali sasa hivi, asingoje kupambazuke. Vaa gauni pana la pamba, chini usivae cha kubana.

Aibu gani, mtoto wewe? Sijawahi kumwambia mteja avumilie nguo inayomuumiza. Wewe wa tumboni mwangu ndiye nimekwambia ukaze! Nimelia mpaka jirani kaja kuuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ndiyo maana nalia. Ushuhuda nitautoa upya, na safari hii daktari na kisu chake watakuwemo. Asiyetaka kushangilia akae.

Nimo kwenye basi, goti nimelifunga kitambaa. Mkanda usiutupe. Nakuja na mkasi wangu, nataka niukate mwenyewe.

Mama yako