Taa ya Kijani Gatini

Likasi, Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu, Yaya Fidélie,

Kabla hujaendelea, nakusihi: soma ukiwa peke yako na shemeji Arsène, mtu mwingine asisikie hata neno moja. Kisha uichome barua hii.

Hamjambo huko Kalemie? Mwanao Daniella bado anaumwa tumbo? Nauliza kwa hofu. Sisi tu wazima. Goti la Mama Hélène limepona, ila nyumbani umeme umekatika tangu Jumapili, na bwawa la umeme la Koni liko hapa karibu.

Uliniandikia kwamba tangu kampuni yetu ya madini iweke taa gatini, mnachota maji bila wasiwasi: ikiwa nyekundu mnaondoka, ikiwa kijani mnajaza ndoo. Yaya, taa hiyo naiwasha mimi, huku Likasi, kwenye kompyuta, kila asubuhi.

Chini ya gati kuna kipimo. Hupima tindikali, shaba na joto la maji, kisha hunitumia tarakimu kwa mtandao wa simu. Mwishoni mwa mwezi uliopita mvua iliosha vumbi la madini gatini, tarakimu zikawa mbaya siku tatu mfululizo. Siku ya nne zikawa safi kabisa. Nilifurahi.

Ila joto lilinishangaza. Alfajiri digrii ishirini, saa nane mchana thelathini na tisa. Ziwa halipati moto hivyo. Pipa lililoachwa juani ndilo hupata. Watu wa kampuni wametoa kipimo ziwani wakakitia kwenye pipa la maji safi, wakasahau kwamba kinapima na joto.

Nilimwuliza mkubwa wangu, Bwana Magloire. Akacheka.

“Weye petit, mutoto wa juzi, ulisoma sana! Mashine iko inasema nini?”

“Inasema maji iko muzuri, chef.”

“Basi miye na weye tutabishana na mashine? Washa kijani. Ao umechoka na kazi?”

Nikawasha. Tangu siku hiyo nimewasha asubuhi kumi na moja, nikijua.

Msichote tena gatini, taa iwe ya rangi gani. Chukueni maji ya misheni, hata kama ni mbali.

Barua hii anakuletea Carlos, dereva wa lori. Atafika Jumamosi. Arsène alitafute pipa hapo gatini, alipige picha, kipimo kikionekana ndani, ampe Carlos moja na nyingine abaki nayo. Jumatatu nitawasha nyekundu. Bila picha watarudisha kipimo ziwani na kusema nimechanganyikiwa. Ndiyo sababu ninangoja. Mtu jasiri angewasha nyekundu kesho. Mungu anisamehe hizi asubuhi zilizobaki.

Nisalimie Jenny, mbusu Daniella. Mama anawaombea kila jioni. Bwana awafunike nyote.

Mdogo wako anayekupenda,
Déogratias

Usinipigie, laini yangu ni ya ofisi. Kuanzia Jumatatu mchana mpigie Cathy, mke wa Carlos, anayeuza mkate mbele ya parokia ya hapa Likasi. Namba yake iko nyuma ya bahasha. Akisema niko Mwadingusha kwa Baba Mdogo Tshimanga, nimefika salama. Akisema hajaniona, usiulize kwingine. Mpelekee padri wenu picha.